Nina watoto watano wa fomu siksi, mkopo na chuo naanzia wapi?

Karani wa Ghala

Kuchele wana Kusini, habari za mihangaiko. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba vijijini, kazi yangu ni mizani, stakabadhi na kugombana na watu ambao korosho zao zimekutwa na unyevu. Chuo kikuu nimekiona kwa nje tu siku nilipopita Dar na basi. Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada angu, kamaliza fomu siksi mwezi huu wa tano, kombi HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na si mnajua huku kwetu mjomba ndo kila kitu, baba yake mwenyewe kashanipigia simu kasema "wewe si ndo mwenye kompyuta, shughulika". Sawa, huyo ni wangu nitahangaika nae.

Tatizo ofisini kuna laptopu na printa na habari imeshatembea. Juzi jioni narudi nyumbani nakuta wamama watatu na mzee mmoja wamekaa barazani, kila mtu na bahasha yake ya kaki mapajani, wameshakunywa chai mbili hawaondoki. Kwa hiyo leo hii nina watoto watano. Mpwa wangu, kijana mmoja wa PCB ambae walimu wanamsifia sana, kijana wa EGM ambae baba yake alishafariki, binti wa HGL ambae kaya yao ipo TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, na mwingine wa CBG ambae bado sijaielewa bahasha yake maana ndani kuna kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo cha mtu mwingine.

Maswali yangu. Nisubiri matokeo ya Julai au naanza sasa hivi? Kuna mzee hapa kijijini anasema usihangaike kabla ya matokeo utapoteza hela za watu. La pili wawili wanaenda kambi ya JKT wiki ijayo na huko simu hamna, sasa nitawaombeaje mtu hayupo? La tatu ni hela, huku kwetu mnajua wenyewe hela inaonekana minada ikishaanza mwezi wa kumi, sasa hivi mtu kumwambia toa elfu thelathini ni kama kumwambia ang'oe jino. Nisaidieni kwa lugha nyepesi, sitaki link, link ninazo.

Dada wa Steshenari

Shikamoo mjomba karani. Mi nina steshenari hapa Mtwara mjini, hizi fomu nazijaza mwaka wa sita huu, ukinikuta mwezi wa nane utadhani nina msiba, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi na wengine wamekuja na mikeka. Jibu la kwanza usisubiri matokeo hata siku moja. Mkopo unaombwa kwa namba ya mtihani ya fomu foo, sio ya siksi, kwa hiyo matokeo hayazuii kuanza. Mwaka 2024 dirisha la mkopo lilifunguliwa Juni 1 wakati matokeo yalikuja Julai, sasa waliosubiri matokeo walikuwa wamechoma mwezi na nusu bure. Tarehe zinabadilika kila mwaka, Bodi ya Mikopo ikitoa mwongozo wa mwaka huu usome wewe mwenyewe, usisimuliwe.

Sasa nikwambie kinachowaangusha watoto wetu. Sio maksi. Ni majina. Leo usiku chukua daftari andika jina la kila mtoto lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, chini yake lilivyo kwenye cheti cha fomu foo, chini yake lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA kama anacho, herufi kwa herufi, soma kama unavyosoma namba ya gunia. Mohamedi, Mohamed, Muhamedi, kwa bibi yake huyo ni mtu mmoja ila kwa mfumo hao ni watu watatu wala hawajuani. Hamisi na Hamis. Zainabu na Zainab. Ile "i" na "u" za mwisho zimeshakula watu wengi huku Kusini kuliko ukimwi na malaria jamani, natania ila sitanii.

Halafu kuna lile la kwetu kabisa. Mtoto alipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza na mjomba, mwalimu kauliza jina la mzee, mjomba katulia kataja la kwake, mtoto kasoma kwa jina la mjomba mpaka fomu siksi, siku cheti cha kuzaliwa kinatafutwa kinatoka na jina la baba. Mwaka jana nilikuwa na binti wa hivyo hapa kwenye benchi langu, binti analia, mama anamwangalia mjomba, mjomba anaangalia feni. Ilibidi waende kwa wakili. Herufi moja moja kama hizo za Hamisi mara nyingi hati ya kiapo inatosha, ila jina zima likiwa lingine hapo ni kubadili jina kisheria na kusajili, inachukua muda na hela, ndo maana nasema leo usiku sio mwezi wa nane. Na kama kuna mtoto hana kabisa cheti cha kuzaliwa ndo anaenda kuomba sasa (hawa wa 2006, 2007 wengi walipitwa, cheti cha bure pale zahanati ni cha watoto chini ya miaka mitano), basi kabla hajasaini fomu pale ofisi ya mkuu wa wilaya hakikisha jina linaandikwa kama lilivyo la NECTA, yaani la vyeti vya Baraza la Mitihani, maana la NECTA ndo limeshapigwa msumari, mengine ndo yanalifuata.

Cheti kikishapatikana bado. Kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, unakiskani vizuri unakipandisha kwenye mfumo wao, unalipia, wakimaliza wanakupa namba ya uhakiki na hiyo namba ndo inaingia kwenye fomu ya mkopo. Wakati kama huu majibu yanakuja haraka, Agosti nchi nzima imekumbuka siku moja hapo utasubiri mpaka unyonyoke. Huyo wa EGM aliyefiwa na baba anahitaji cheti cha kifo nacho kihakikiwe hivyo hivyo. CHETI CHA KIFO mjomba, sio kile kikaratasi cha kibali cha mazishi. Watu wananiletea kibali cha mazishi kila mwaka, namwambia mama hiki sio chenyewe, ananiambia mwanangu mbona kina mhuri.

Wa TASAF aje na namba ya kaya yao, ipo sehemu yake kwenye fomu na inamsaidia sana, watu wanaona aibu kuiandika sijui kwanini.

La mwisho niende kuhudumia. Akaunti zote fungua kwa laini ya simu na imeili ya mtoto. Usitumie ya kwako wala ya steshenari, hata yangu mimi usikubali.

Mzee Mbishi

Mnamdanganya karani wa watu. Mikopo wanapata watoto wa wakubwa wa huko Dar, mtoto wa mkulima wa korosho ataishia kulipia elfu thelathini ya fomu na kuambiwa hakukidhi vigezo. Mwacheni akauze karanga stendi ya Mnazi Mmoja atapata mtaji.

Karani wa Ghala

Dada wa Steshenari Mungu akubariki, nimefanya hilo zoezi la daftari usiku huu huu kwa tochi maana umeme umekatika. Majibu ni haya, katika watano ni mmoja tu majina yote matatu yanafanana, nae ni yule wa TASAF. Mpwa wangu mwenyewe cheti cha kuzaliwa kina jina la babu yake upande wa baba na cha fomu foo kina... jina langu. Kumbe ni mimi. Nilimpeleka mimi darasa la kwanza, nilikuwa nimesahau kabisa, dada angu hajanisemesha tangu saa mbili.

Na wa EGM ni kibali cha mazishi kweli, kimekunjwa mara nne kwenye nailoni. Mzee Mbishi nimekusoma, ngoja kwanza.

Mwalimu wa Ufuta

Pole sana karani, hilo la kuandikisha kwa jina lako usijilaumu, mimi ni mwalimu wilaya mojawapo huku Lindi na kwenye darasa langu la fomu siksi hawapungui wanne wa aina hiyo kila mwaka.

Nijazie upande wa vyuo maana dada kamaliza upande wa mkopo. Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili. Mkopo unaomba Bodi, nafasi ya kusoma unaomba chuo, na mkopo hautoki kama huna chuo. Zamani, kuanzia 2010, ulikuwa unaomba vyuo vyote sehemu moja kupitia mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hiyo iliondolewa, tangu 2017 kila chuo unaomba kwenye mfumo wake na ada ya maombi vyuo vingi ni 10,000. Sasa utaona mtoto anaomba vyuo saba, hela zote zimeisha, na vyote saba kozi moja ile ile yenye ushindani. Mimi wangu nawaambia vitatu vinatosha, kimoja cha ndoto, kimoja unachoona kabisa pointi zako zinaingia, kimoja cha kulala nyumbani.

Pointi zinahesabiwa hivi, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia digrii ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kwa hiyo mwenye D mbili mlango ushamfungukia, mwenye C na E pia. Ila huo ni mlango wa nje tu, kila kozi ina mlango wake wa ndani. Mfano huyo kijana wako wa PCB, nina uhakika hapo kijijini wameshaanza kumuita dokta. Udaktari wanataka Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu, kila moja kuanzia D, jumla pointi 6, na hapo unakuwa umeruhusiwa kuomba tu, kupata ni vita na nchi nzima. Kila mwaka TCU wanatoa kitabu cha mwongozo chenye kila chuo, kila kozi na sifa zake, pakua PDF kiweke kwenye hiyo laptopu ya korosho, kaa na kila mtoto umwoneshe mstari wa kozi anayoitaka asome mwenyewe kwa kidole. Msifanye hivyo mtoto akiwa na wazazi wote barazani, mtoto hatasema anachotaka, atasema anachotaka baba.

Na msidharau vilivyo karibu. Mtwara kuna Stella Maris, kuna tawi la TIA, Chuo Kikuu Huria wana vituo Mtwara na Lindi. Nina mwanafunzi wangu alikataa kusoma Mtwara akasema haendi chuo ambacho anasikia harufu ya samaki wa nyumbani, kaenda Dar mkopo kapata nusu, kodi ya chumba ikamshinda karudi mwezi wa pili. Wale ambao pointi hazitatosha nao dunia haijaisha, kuna diploma, na tangu 2023/24 Bodi inatoa mkopo hata kwa diploma kwenye fani walizozipa kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, uhandisi, kilimo. Kwa ngazi hiyo nenda na mwongozo wa NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, sio wa TCU. Huyo dokta nae akipiga matokeo makubwa kabisa asisahau kuna Samia Skolashipu, ilianza 2022/23 kwa wanaofanya vizuri sana kwenye sayansi.

Kitu ambacho kinanikera kuliko vyote ni kuthibitisha. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili au vitatu anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya siku walizotangaza, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa meseji. Meseji inaenda kwenye laini iliyoandikwa kwenye maombi. Sasa laini hiyo ipo JKT imezimwa, au ya shemeji ambae wamegombana, au ya steshenari. Ndo pale mtoto ana pointi 12 anakosa chuo awamu ya kwanza anaingia awamu ya pili kugombania makombo.

Hela karani wewe ndo unajua zaidi yangu. Sisi huku wa ufuta tuna unafuu, minada yetu inaangukia Juni na Julai mzazi ana hela mkononi fomu zikiwa wazi, mzazi wa fomu siksi namwambia akiuza tu gunia la kwanza lile la fomu. Nyie wa korosho hela inakuja watoto wameshaanza kufunga mabegi. Piga hesabu, fomu ya mkopo 30,000, vyuo vitatu 30,000, hapo bado RITA, wakili, picha, skani na nauli za kwenda wilayani na kurudi mara tatu. Mimi nawaambia wazazi waanze na laki moja ya mtoto mmoja wasihesabu chini ya hapo. Mbaazi hamna huko? Kuku je?

Mama Wawili

Samahani na mimi niulize hapo hapo, mume wangu anakataa mtoto asichukue mkopo anasema ule ni riba, tupo Lindi mjini. Ni kweli una riba?

Boom la Kwanza

Mama Wawili, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili natokea Newala, Mwislamu, na hilo swali mzee wangu alilikalia wiki nzima. Zamani kulikuwa na ile asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, deni linakua kama tikiti, hiyo ndo watu walikuwa wanaiita riba. Ilifutwa 2021, na ile faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa ikafutwa mwaka huo huo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Mzee alichapisha mkataba akaupeleka kwa shehe wa msikitini wakausoma wote wawili na miwani moja wanapokezana, ndo akaruhusu. Na nyie fanyeni hivyo, msichukue fatwa humu.

Karani sasa la JKT. Mimi nilipangiwa Nachingwea, kwa hiyo mpwa wako akipangiwa huko mwambie asubuhi kuna baridi abebe sweta. Tulipokuwa kambini fomu zilikuwa wazi na kweli huna simu. Kilichoniokoa ni mama, kabla sijaondoka aliniweka chini tukafungua imeili, tukasajili laini kwa jina langu mimi, nikamwachia ile laini na paswedi zimeandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Nilivyoondoka yeye na kaka wakamalizia, RITA tayari, mdhamini na kitambulisho chake tayari, namba ya malipo ikalipwa, fomu ikajazwa. Niliporudi nilibakiza vitu viwili, kusaini sehemu ya mwombaji na kupeleka serikali ya mtaa na kwa wakili igongwe mhuri. Siku moja na nusu nikamaliza. Wenzangu waliorudi na buti hawana hata cheti cha kuzaliwa ndo walilia.

Na kusaini asije mtu akamsainia. Najua hapo kijijini kuna fundi wa saini, kila kijiji anae, ila ile fomu ni mkataba wa deni na mwenye deni ni mtoto.

Hili la laini naomba nirudie kwa sababu limenitokea. Vyuo niliomba kupitia kafe moja, siitaji, yule jamaa aliandika namba yake ya simu kwenye akaunti yangu moja bila kuniambia, nadhani alikuwa anarahisisha kazi. Meseji ya kuthibitisha ikaenda kwake. Nilipomfata akaniambia laini hiyo alishampa mdogo wake yuko Kilwa Masoko anavua pweza. Nimepanda basi mpaka Nangurukuru, nikaunga mpaka Masoko kutafuta kijana anaevua pweza, unajua Masoko vijana wanaovua pweza ni wangapi? Nilimpata siku ya pili, meseji alikuwa hajaifuta, Alhamdulillah.

Na karani waambie ukweli kuhusu asilimia. Watu wanasikia "amepata mkopo" wanadhani kila kitu kimelipwa. Kuna chakula na malazi, ndo hilo boom, 10,000 kwa siku tangu 2022/23 maana mwanzo lilikuwa 8,500, kuna ada, kuna vitabu, kuna mafunzo kwa vitendo, na ada unaweza kupewa yote au kipande kutokana na wanavyokuona hali yako. Mimi ada nilipewa sehemu, iliyobaki mzee kalipa na korosho. Ukiona umepewa kidogo au umekosa kuna dirisha la rufaa, ndo maana ukweli wa hali ya nyumbani uandikwe tangu mwanzo na vithibitisho. Na boom haliingii siku unashuka stendi. Mpaka usajiliwe, ufungue akaunti, usaini, wiki kadhaa zimekatika na unakula. Bima nayo mwaka wangu walitaka 50,400 pale pale wakati wa kusajiliwa kama hauna. Mimi nilienda na ndoo ya korosho za kukaanga na mfuko wa ming'oko mikavu, vile viazi pori vya kwetu, korosho niliziuza bweni zima nikaishi wiki tatu, ming'oko watu wa bara waliniuliza kama ni dawa.

Mzee Mbishi, baba yangu ana mikorosho arobaini na mbili. Sio mkubwa wa Dar.

Dada wa Steshenari

Eti fundi wa saini 😂 nimecheka mpaka mteja kaniuliza. Yupo kweli lakini.

Karani naongeza kidogo tu, kila karatasi iliyogongwa mhuri skani kabla hujaitoa nyumbani, na weka folda moja ya kila mtoto kwa jina lake la NECTA. Usizichanganye, nimeshaona mtoto kapandisha cheti cha kifo cha baba wa mwenzie na baba yake yuko pale nje anamsubiri na pikipiki.

Karani wa Ghala

Mrejesho wakuu, wiki imeisha.

Wa EGM nimeenda nae wilayani na mama yake. Kile kibali cha mazishi sio takataka kumbe, kimetumika kama ushahidi wa kuombea cheti cha kifo, tumejaza fomu tumelipa tumeambiwa turudi. Mama yake njia nzima alikuwa amekishika mkononi hakukiweka hata kwenye pochi, na yule ofisa alipotaka kukichukua akamuuliza atarudishiwa lini. Wakatoa kopi wakamrudishia chake.

Wa CBG bahasha yake nimeielewa, hicho cheti cha ubatizo ni cha pacha wake aliyefariki mdogo na kadi ya kliniki ndo ya kwake. Hana cheti cha kuzaliwa, tumeanza upya, jina limeandikwa kama la NECTA nimesimama juu ya bega la aliyekuwa anaandika mpaka akaniuliza wewe ni nani.

Mtendaji wetu nilimfata nimuelezee kwamba mwezi wa sita mpaka wa nane asije akapotea maana mihuri itatakiwa, akasema hamna shida. Kesho yake kaenda msibani Masasi siku nne na mhuri upo mfukoni mwa koti. Nimeongea na mwenyekiti tuwe tunajua koti liko wapi.

Hela tumekubaliana hivi, nimewaita wazazi wote watano nikawaambia wazi hesabu ya mwalimu, laki moja. Kelele zikapigwa. Mwisho wawili watauza mbaazi, mmoja anauza mbuzi, yule mama wa TASAF kuna kikundi chao cha kukopeshana atachukua huko arudishe mnada wa kwanza ukilipa, na mimi kwa mpwa wangu natoa mwenyewe, pamoja na gharama zote za wakili, dada angu kasema hiyo haina mjadala.

Mpwa kaondoka jana alfajiri, si Nachingwea, kapangiwa mbali ila sweta kabeba. Juzi usiku tulikaa na kitabu cha TCU mimi na yeye tu, nikamwambia oneshe kwa kidole. Miaka yote nilijua anataka sheria, mama yake anajua sheria, mtaa mzima unamuita wakili. Kidole kikapita sheria kikaenda kusimama kwenye ualimu wa Kiswahili. Nimemuuliza mbona hukuwahi kusema, akasema hakuna aliyeuliza. Kaniachia laini yake imefungwa kwenye karatasi yenye paswedi, nimeiweka kwenye droo ya stakabadhi ambayo ufunguo ninao mimi peke yangu.

Mzee Mbishi hujasema kitu siku nyingi, wewe mwanao yupo kidato gani?

Mzee Mbishi

Fomu faivu. Anaitwa Hamisi, shuleni wameandika Hamis. Upo ofisini Jumamosi?